Kumpeleka Mama Tabuk kwa Gari Isiyojua Baridi

Shoga zangu wa Jumanne, kila mmoja wenu kaniuliza peke yake, na kila mmoja nimempa kipande. Bi Salma nimempa habari za mpakani, Nunu nimempa habari za kioo, na sasa nasikia mnabishana nani kasikia sawasawa. Basi naandika yote mara moja. Skuli mie nimeishia darasa la sita, hilo mnalijua, kwa hivyo mkikuta nimeruka pahala au nimerudia, nivumilieni. Na mkikuta nimemsema mtu vibaya, someni mbele kidogo kabla hamjamhukumu, maana mara nyingi mwenye makosa alikuwa mimi.

Maskat, gereji

Mama alikuwa katoka kufanyiwa operesheni ya sikio, na daktari kamkataza ndege mpaka miezi mitatu ipite. Hapo ndipo simu ilipokuja kwamba mdogo wake, Mama Mdogo Ghaniya, aliyeolewa Tabuk kaskazini ya Saudia tangu ni msichana, moyo wake umechoka na atapasuliwa Jumatano saa nne asubuhi. Mama hakulia. Alikaa kitandani akakunja kanga zake nne, akasema, "Nnataka nimwone kabla hawajamfungua kifua." Basi. Mama ana miaka sabini na tisa, na ukimwambia jambo haliwezekani anakutazama kama mtu ambaye bado anangoja useme.

Mdogo wangu Suleiman akasema twende kwa gari yangu, tupite jangwani, siku tatu tutakuwa tumefika. Lakini Tabuk mwezi wa Januari kuna baridi ya kweli, si hii yetu ya kutoa shali kabatini. Kwa hivyo gari itayarishwe. Hapa ndipo nilipoanza kuchoka kabla hatujatoka mtaani kwetu Bausher.

Suleiman alikaa siku mbili anatazama video za watu wa nchi za theluji, wanaochimba magari yao kwa koleo. Akanunua glavu. Akanunua chumvi mfuko mzima ya kumwaga barabarani. Kisha akaenda Ruwi akarudi na minyororo ya kufungia magurudumu yasiteleze. Nilimuuliza kaipata wapi Maskat hii. Kasema mwenye duka alikuwa nayo nyuma siku nyingi na alifurahi sana. Nadhani alifurahi, maana minyororo ile ni mizito kama maiti, na ilikaa buti pale pale nilipopanga vikapu vya Mama.

Mie nilikwenda kwa fundi wangu Shafi, yule Mmalabari wa India mwenye gereji Wadi Kabir. Nikamwambia atazame magurudumu, betri na waipa, na amwage maji yote ya rejeta atie yale ya kijani yasiyoganda. Kaniuliza safari ya wapi. Nikasema Saudia. Akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea, akaniomba nimuombee binti yake nikifika.

Mnaona lilivyokuwa. Hapa kwetu mtu akisema anakwenda Saudia kwa gari, basi ni Umra, hakuna anayeuliza zaidi. Nilipaswa kumwambia pale pale, Shafi, mie sendi Makka, nakwenda kwenye barafu. Nikaona haya kumrudisha mtu aliyekwisha weka mkono kifuani. Nikasema amin. Shafi akaishughulikia gari kwa moyo wote, akatia gesi mpya ya kiyoyozi, akaniambia sasa naweza kugandisha samaki ndani.

Hita sikuitaja. Miaka yote niliyoendesha Maskat, ile swichi ya kwenye rangi nyekundu sijapata kuigusa.

Maskat mpaka mpakani

Tulitoka Jumapili baada ya sala ya alfajiri. Mama kakaa mbele kwa sababu ya miguu yake, mie na Suleiman tunapokezana usukani, na asiyeendesha anakaa nyuma na chakula: kuku wa kukaanga, mikate ya kumimina, vileja, halua, chai ya maziwa chupa tatu. Na kopo la manjano aliyoyatwanga Mama kwa mkono wake, maana anaamini manjano ya madukani Tabuk ni unga wa rangi tu.

Mpaka Ibri hapakuwa na la kusema, ila Suleiman anaendesha kama anayesindikiza harusi na anasoma kila kibao kwa sauti. Niseme haki: mie naendesha mbio, na Mama alisinzia zamu zake tu, si zangu.

Baada ya Ibri ni mchanga, na mchanga, na mchanga. Upande wa pili wa mpaka kijana wa forodha, mpole, kafungua buti akaona minyororo. Kauliza ni ya nini. Suleiman akajibu kwa heshima kwamba ni ya theluji. Yule kijana akatazama mchanga kulia, akatazama mchanga kushoto, kisha akamtazama Suleiman. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita wa tatu, ambaye alipata kufanya kazi Tabuk, na huyo akaeleza kwamba theluji huanguka mlimani siku chache tu, na ikianguka watu huzuiwa kupanda. Wakacheka wote watatu. Kisha wakatuambia tushushe kila kitu.

Kila kitu. Mpaka mazulia ya gari. Saa moja na nusu. Kopo la manjano lilifunguliwa, likanuswa, aliyelinusa akapiga chafya nne. Nilikuwa na hasira, lakini nimefikiri baadaye: mtu akija kwangu jangwani na minyororo, hata mie nitamkagua. Na Mama walimpa kiti kivulini na kahawa. Alikaa pale kama mwenye mji, akamwambia mwanawe, "Suleiman, baba, umekwenda mpaka Ruwi kujinunulia pingu."

Tulilala Haradh, kwenye nyumba ya wageni ya kituo cha petroli. Mablanketi yalikuwa yananuka ngamia, lakini yalikuwa mazito, nayo tuliyashukuru.

Riyadh mpaka Hail

Jumatatu tulipita Riyadh vizuri, tukala kuku wetu wa mwisho kando ya njia. Baada ya hapo mawingu yakashuka, ikaanza mvua nyembamba, na baridi ikaingia garini kama mgeni asiyebisha hodi. Mama akavuta kanga ya pili. Kisha ya tatu. Nikasema sasa ndio wakati wake, nikazungusha ile swichi mpaka mwisho wa rangi nyekundu.

Ukatoka upepo wa baridi.

Suleiman kasema ingoje ipate moto. Tukaingoja kilomita hamsini. Upepo ule ule, mimi nauona unatikisa ncha ya kanga ya Mama. Pumzi zetu zikaanza kuganda kwenye kioo cha mbele, kioo kikawa cheupe kama maziwa, na malori yanakuja upande wa pili. Suleiman akawa anafuta kwa kanga kutoka kiti cha nyuma, kajinyoosha katikati yetu, kiwiko chake sikioni mwangu. Anafuta upande mmoja, mwingine unajaa. Nikafungua madirisha kioo kitakate, kikatakata, na Mama akaanza kutetemeka meno. Nikayafunga. Kikajaa. Hivyo, kufungua na kufunga, mwendo wa punda, mpaka Hail, na njia nzima kimoyomoyo nilikuwa namtukana Shafi. Nimemwambia atie maji yasiyoganda, yeye kanipa kiyoyozi cha kugandisha samaki.

Tulipofika hotelini midomo ya Mama ilikuwa ya rangi nisiyoipenda. Simu ikalia. Ni Faisal, mtoto mkubwa wa Mama Mdogo. Kasema kwa Kiarabu, taratibu, kwamba mama yake kakataa kutia saini ya operesheni. Anasema hatii mpaka amwone dada yake. Na daktari wa moyo anatoka Riyadh, huja Tabuk mara moja kwa mwezi. Jumatano ikipita ni kungoja mwezi mwingine, na madaktari wanasema mwezi huo hawana hakika kama anao.

Nilimwambia Mama yote. Sikumficha. Akasema, "Ghaniya tangu mdogo hivyo. Hamezi dawa mpaka nimshike mkono." Kisha akaomba soksi nyingine.

Hail, gereji

Jumanne asubuhi tulikwenda gereji ya kwanza tuliyoiona wazi. Fundi ni Msudani mmoja, Mudathir, mrefu, kajifunga skafu kichwa kizima yamebaki macho. Akafungua boneti, akainama. Kisha akaniita nitazame.

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto, na nilishukuru, maana nilikuwa sijui. Maji ya moto ya injini hupita katika mipira miwili, yakaingia ndani kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, na upepo ukikipita ndio unakuwa joto. Kwenye gari yangu ile mipira miwili haiendi kokote. Mtu kachukua kipande kifupi cha mpira, kakikunja, kaunga njia ya kwendea na njia ya kurudia pale pale nje. Maji yanatoka yanarudi. Ndani hayaingii hata tone.

Kauliza nani bingwa wa kazi hii. Nikamwambia ni fundi wangu wa Maskat, na sasa hivi atanisikia. Nikamrekodia Shafi ujumbe wa sauti, na sitaandika niliyoyasema, ila Suleiman aliondoka akasimama mbali. Jibu la Shafi lilikuja baada ya dakika tano, sauti ya chini, Kiarabu chake kile cha kazini: "Bibi, mwaka ule zulia lilirowa, nikakwambia kirejeta cha hita kinavuja, nifungue dashibodi, kazi ya siku mbili. Wewe ukasema una wageni wa Idi, ukasema Maskat hita ya nini, ifunge. Nikaifunga."

Nikakumbuka. Nikakumbuka mpaka nguo niliyovaa, na jinsi nilivyokuwa natazama saa, na jinsi nilivyocheka niliposema hayo maneno. Nusu saa alimaliza, mie nikakimbilia nyumbani kukaanga sambusa. Nilitamani Mudathir afunge boneti na mie humo ndani.

Nikampigia Shafi nikamtaka radhi. Kasema si kitu, lakini gari ya Umra hita ya nini? Nikamwambia tuko Hail. Kauliza, kwa adabu, kwani Hail iko njia ya Makka? Ndipo nikamwambia ukweli wote, na habari ya binti yake nikamwahidi kwamba nitamuombea popote nitakaposali. Kasema hilo linatosha. Mtu mwema kuliko ninavyostahili.

Mudathir akasema kuirudisha mipira ni kazi ya saa moja, lakini kirejeta bado kinavuja, na kipya kitatoka Riyadh kesho kutwa. Kesho kutwa ni Alkhamisi. Suleiman akasema tufunge safari hivi hivi, tumfunike Mama. Nikamwambia wewe ndiye utakayefuta kioo? Tukaanza kujibizana pale gereji, watu wazima wawili, mpaka Mama akashusha kioo cha gari.

Kauliza kuna nini. Nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Babaako, Mungu amrehemu, lori lake likivuja maji alikuwa akitia manjano. Nipe hilo kopo."

Nilimfasiria Mudathir nikiwa na haya tele. Hakucheka. Kasema kwao kaona watu wakitia unga, kaona wakitia yai, manjano hajayaona, na kama tundu ni dogo huenda yakaliziba, lakini yeye hadhamini. Mama akaniambia hata babaako hakudhamini. Akapima mwenyewe vijiko vitatu vya chakula, vya kujaa, kutoka katika manjano aliyomchukulia Ghaniya. Mudathir akarudisha mipira, akatia, akawasha injini, tukasimama kuizunguka gari kama watu wanaongoja ubwabwa uive.

Upepo ukaja vuguvugu. Kisha moto. Na harufu ya biriani isiyo na nyama. Chini ya miguu ya Mama tone likaanguka, la pili likaanguka, kisha kukawa kunapita dakika nyingi baina ya tone na tone. Tukatega sinia ya mkate wa kumimina. Mpaka leo sijui kama ni manjano au ni namna Mudathir alivyokaza zile pete za mipira, na sitaki kumnyima mmoja haki yake. Alikataa vileja mara mbili, mara ya tatu akachukua na sahani.

Tulitoka Hail baada ya adhuhuri. Kila saa tulisimama kuongeza maji ya rejeta na kumwaga sinia, ambayo ilikuwa na maji ya kijani yenye macho ya manjano juu. Tukafika Taima jua limekuchwa, tukalala hapo. Kilomita mia mbili na zaidi zilikuwa zimebaki.

Taima

Jumatano asubuhi gari ilikuwa imevaa sukari. Ndivyo ilivyoonekana. Barafu nyembamba juu ya kila kitu, kioo cha mbele hakioneshi hata usukani. Suleiman kasema tuwashe hita, dakika kumi na tano itayeyuka yenyewe. Alikuwa na haki. Lakini mie nimeitazama saa, saa kumi na mbili na nusu, na nilikuwa namwona yule daktari wa Riyadh anavaa glavu. Nikaingia hotelini nikaomba birika la maji ya moto, nikatoka nikamwagia kioo.

Kikalia tak. Mstari ukatoka pembeni upande wa Mama, ukaenda polepole, tunautazama, mpaka mbele ya usukani, hapo ukasimama.

 Siku zote hizi nimemsema Suleiman kwa minyororo yake, chumvi yake na vibao vyake, na pale alipokuwa na nafasi ya kunirudishia yote hakuitumia. Aliingia akakaa kwenye usukani. "Dada, ingia," kasema. "Kinaonesha bado." Akaendesha yeye, na safari hii aliendesha mbio.

Tabuk

Hospitali tulifika saa tatu na dakika arobaini. Faisal alikuwa nje bila koti anatembea huku na huku. Mlangoni wakasema wodi ya wanawake, mtu mmoja tu. Mama akaniachia mkoba, akamkataa mwenye kiti cha magurudumu, akaingia kwa miguu yake, na soksi zake tatu.

Mie na Suleiman tulisimama kwenye ujia. Nilikuwa na wasiwasi wa mambo mawili: kwamba tumechelewa, na kwamba hatukuchelewa na nimemleta Mama kumuaga mdogo wake. La pili sikulifikiri hata siku moja njia nzima, nilishughulika na vioo.

Baada ya robo saa akatoka. "Katia saini," kasema. "Nimemshika mkono." Na mlango ukafungwa.

Daktari alitoka baada ya alasiri, akasema moyo umekubali. Watoto wanne wa Mama Mdogo wakasujudu pale pale kwenye marumaru, na Suleiman nao. Mama alikaa tu, kajiinamia, nikadhani kalala. Alikuwa analia.

Ningeweza kuishia hapa, lakini ya Alkhamisi ndiyo yaliyonifanya niandike.

Asubuhi yake Faisal alitujia ujiani, uso umempauka. Kasema mama yake kaamka, macho yako wazi, anawatambua, lakini kichwa kimemharibika, anasema maneno yasiyo maneno. Nesi kawaambia huenda ni dawa ya usingizi, itapita, haijulikani lini. Mama akainuka, na safari hii hakuna aliyemwambia mmoja mmoja. Mie nikamfuata nyuma.

Wanawe wamekizunguka kitanda, watu wazima, mmoja hakimu, mmoja mwalimu, wanatazamana. Mama Mdogo kalala mdogo kama mtoto, mipira puani. Akasema tena, taratibu, kama anayemwambia mtu mgumu wa kuelewa: "Nifunikeni miguu."

Hakuna aliyesogea. Miaka hamsini yuko Tabuk, watoto wanne, na hakuwafundisha hata neno moja la Kiswahili. Sijui kwa nini, na sitamlaumu mtu. Alikwenda msichana, nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na labda aliona hivyo ni salama. Kiswahili chake kilikuwa kwenye simu tu, na Mama.

Mama akapita katikati ya hakimu na mwalimu, akalivuta blanketi, akamfunika miguu, akachomeka pembe zake chini ya godoro. Mama Mdogo akafumba macho, akasema ahsante, na maji je, hawa hawana maji? Mama akawaambia watoto kwa Kiarabu, mama yenu ana kiu. Wakakimbia wote wanne.

Tulikaa siku sita hivyo. Anachotaka anamwambia Mama, Mama anawaambia wao. Faisal akaanza kuandika maneno kwenye simu yake: miguu, maji, mto, njoo. Mkwe mmoja akawa anakaa sakafuni kando ya kitanda chake anajifunza kusema pole. Siku ya sita ruhusa ya Suleiman kazini ikawa inakwisha, akamuuliza Mama tuondoke lini, gari imetiwa kirejeta kipya na kioo kipya, hata baridi hataisikia. Mama alikuwa anamchana mdogo wake nywele. Hakugeuka.

"Nendeni nyinyi," kasema. "Mie nabaki mpaka Kiarabu chake kirudi."

Jana kanipigia. Kasema kimerudi tangu Ijumaa, ila wao wawili hawajamwambia mtu.